Msaada: bangili imegoma kuyeyuka kwenye maji ya kifalme

Fundi Mdogo: Wakuu, naombeni ushauri. Nina bangili ya dhahabu yenye mchanganyiko mwingi. Nimeitumbukiza kwenye maji ya kifalme, ule mchanganyiko wa tindikali ya nitriki na ya haidrokloriki, nipate dhahabu safi. Leo siku ya pili, imevaa ukoko mweupe kama chokaa na haiyeyuki tena. Usiku silali.

Mama Naima: Bangili ya nani?

Fundi Mdogo: Dada, hilo silo nililouliza.

Mwana wa Sonara: Marehemu baba aliisugua dhahabu kwenye jiwe jeusi, akadondosha tone la tindikali. Mstari ukifutika, anakurudishia shaba yako kimya kimya, usiaibike mbele za watu. Cha mtu hakuwahi kukiyeyusha.

Shaka Tele: Chai hii. Maji ya kifalme yanakula dhahabu, ukoko umetoka wapi?

Mwalimu wa Kemia: Si chai, mkuu. Dhahabu ya karati 9 ni asilimia 37.5 tu, kinachobaki mara nyingi ni fedha na shaba. Fedha ikikutana na tindikali ya haidrokloriki inakuwa kloraidi, ndio huo ukoko, na unaziba njia, tindikali haifiki kwenye dhahabu. Mtunga hadithi asingeujua. Fundi, chupa iko wapi, na umeifunga?

Fundi Mdogo: Nimeikaza vizuri. Moshi wa kahawia ulikuwa unawakohoza watoto, nikaisukuma chini ya kitanda chao.

Mama Naima: Ya Rabi! Na bangili?

Fundi Mdogo: Ya mke wangu. Yuko msibani Tabora, anarudi Jumapili. Ada ya shule imenibana. Nilipanga niuze dhahabu, mambo yakikaa sawa nimnunulie nyingine. Mtu anayehangaikia wanawe ni mwizi?

Mzee wa Historia: Mwaka 1940 Wajerumani walipoingia Copenhagen, Denmark, mkemia George de Hevesy aliyeyusha medali za dhahabu za Tuzo ya Nobel za wanafizikia Max von Laue na James Franck kwa maji hayohayo, wasizikamate. Chupa ikakaa rafuni, hawakuitambua. Vita vilipoisha dhahabu ikatolewa, medali zikafuliwa upya.

Fundi Mdogo: Mnaona? Ilikaa miaka. Yangu siku mbili tu.

Mwalimu wa Kemia: Hevesy alikuwa mkemia ndani ya maabara, na hakulaza watoto juu ya chupa. Mchanganyiko huu unaendelea kutoa gesi. Ukiufunga, chupa inapasuka. Usiifungue, usiiguse. Toa watu wote nyumbani sasa hivi, upige Zimamoto 114.

Shaka Tele: Kama ni kweli, tupe picha.

Mama Naima: Picha ya nini na watoto wako ndani? Fundi, toka!

Fundi Mdogo: Nimechungulia, chupa imevimba, kitako kimekuwa duara. Tuko kwa jirani, watoto wote watatu. Zimamoto wanakuja.

Mama Naima: Alhamdulillahi. Sasa mpigie mkeo, asisikie kwa majirani.

Fundi Mdogo: Simu ninayo mkononi, dada. Naanzia wapi?