Kuosha rola za ofseti: petroli, mafuta ya taa, tina au dawa ya dukani?

MpigaRisiti (Arusha)
Wakuu habari za jioni. Nina mashine ya kuchapa ya ofseti, GTO 52 ya rangi moja, hapa Unga Limited, na miaka yote tunaosha kwa petroli. Juzi kijana wangu alikuwa anatoa wino mweusi kwenye rola aingize nyekundu. Madirisha tumefunga, si mnajua baridi yetu ya Julai. Mara akakaa chini, akasema chumba kinazunguka. Nikamtoa nje, akapata nafuu, lakini mama watoto ameapa petroli haiingii tena humo ndani. Nimebaki na mafuta ya taa, tina ya rangi za magari, au ile dawa ya rola ya dumu la lita 20 anayoleta muuzaji wa wino. Bei yake inauma. Nyie mnatumia nini?

Kibao_Moshi
Mafuta ya taa, mkuu. Huku Pasua ndiyo yetu, hakuna aliyekufa.

FundiBlanketi
Tina isahau. Niliwahi kuitumia kwa haraka ya kalenda za Desemba. Mpira wa rola unainywa, ncha zinavimba kuliko katikati. Nilishusha rola juu ya pleti (bati lenye picha ya kuchapa) nikaangalia upana wa mstari wa wino: katikati milimita 4, pembeni karibu 8. Ilipokauka ikasinyaa, ikawa ngumu kama kwato. Seti nzima nikapeleka kuvishwa mpira upya.

MamaStempu
Kaka Kibao, hakuna aliyekufa, sawa, lakini asubuhi karatasi zako hamsini za kwanza zinatokaje? Zangu zilikuwa zinapauka, kwa sababu mafuta ya taa yanaacha utando. Ukiyatumia, malizia na maji, kisha kitambaa kikavu. Tena hayo maji ni ya lazima kwa dawa yoyote ile. Gamu ya pleti (gundi ya kuilinda) na chokaa ya karatasi haviyeyuki kwenye petroli wala mafuta ya taa. Vinajipanga juu ya mpira siku hadi siku mpaka rola inang'aa kama kioo na kukataa wino. Watu wanalaumu wino bure.

Kibao_Moshi
Dada umenikamata. Karatasi hamsini ni kweli, tunaziita za kusafishia.

Mkemia_Njoro
Mwanzisha mada, usianze na bei. Anza na joto ambalo mvuke wa kitu unaanza kushika cheche. Petroli ni kama nyuzi 40 CHINI ya sifuri, kwa hiyo iwe Julai au Januari, iko tayari muda wote, na mota ya mashine inatoa cheche. Tolueni, ambayo tina nyingi wanaiweka, ni nyuzi 4. Mafuta ya taa huanzia kama 38. Dawa nzuri za rola zinavuka 60, na zile za mafuta ya soya zinapita 100. Halafu petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo.

Ila dumu la dukani nalo lisikupumbaze kwa sababu lina picha ya jani. Osaka, Japani, wachapaji waliokuwa wakiosha mitambo kwenye chumba chenye hewa duni walipata saratani ya mirija ya nyongo. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaitangaza 1,2-dikloropropani, iliyokuwa kwenye dawa yao ya kuoshea, kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Mwambie muuzaji akupe karatasi ya usalama ya hiyo dawa. Akikosa, rudisha dumu.

FundiBlanketi
Nyongeza: wenye wino wa UV (unaokaushwa kwa mwanga) na rola za EPDM (aina nyingine ya mpira), msiige hapa. Petroli, mafuta ya taa na jamii yake yanazivimbisha vibaya rola hizo.

MamaStempu
Na matambara! Yenye wino au mafuta ya soya, ukiyarundika pembeni yanajipasha yenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti. Tafuta ndoo ya bati yenye mfuniko, jioni itoke nje. Glavu ziwe za nitraili, zile nyembamba za hospitali za mpira mweupe zinalainika mkononi.

MpigaRisiti
Ahsanteni. Mrejesho: nilinunua lita moja tu ya ile dawa, karatasi yake inasema nyuzi 62. Inasuasua, dakika tano zaidi ya petroli, na mara ya kwanza nilimwaga nyingi mpaka ikatiririka kwenye blanketi (shuka la mpira linalopeleka picha kwenye karatasi). Baadaye nikaweka kwenye chupa ya kunyunyizia, kidogo kidogo mashine ikizunguka, kisha maji. Nimeosha mara nne na chupa haijafika nusu. Petroli ilikuwa inaruka hewani kabla haijafanya kazi, sikuwahi kuihesabu hiyo. Kijana ameniuliza kama madirisha bado yafunguliwe.

Mkemia_Njoro
Yafunguliwe. Avae sweta.