Asilimia 30 ya bahari imetengwa: ni ulinzi au ni mistari ya ramani?

Mwanafunzi wa Jiografia

Salamu, wakuu. Naandaa tasnifu kuhusu upangaji wa matumizi ya bahari katika nchi za visiwa, na kila nisomapo habari za Ushelisheli nakutana na sentensi ileile, kwamba nchi hiyo imetenga asilimia 30 ya bahari yake. Sielewi nchi yenye ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 455 na bahari ya takriban milioni 1.35 inailindaje sehemu kubwa hivyo, wala mvuvi wa boti ndogo anapata au anapoteza nini.

Mchora Ramani

Ndugu, iweke kando kwanza hiyo asilimia, kwa sababu imebeba mambo mawili tofauti. Mpango wa matumizi ya bahari ya Ushelisheli ulianza kuandaliwa mwaka 2014, na Machi 2020 Rais Danny Faure alitia saini hatua iliyofikisha eneo lililotengwa kilomita za mraba zipatazo 410,000. Karibu nusu yake ni daraja la kwanza, ambamo hakuna ruhusa ya kuvua wala kuchimba. Nusu nyingine ni daraja la pili, ambamo uvuvi na utalii vinaendelea kwa masharti. Asiyetofautisha madaraja hayo atadhani eneo lote limefungwa.

Kisha tazama daraja la kwanza limekaa wapi. Sehemu yake kubwa iko kwenye visiwa vya mbali, kikiwemo kisiwa cha Aldabra, kilicho zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kisiwa kikuu cha Mahé, wanakoishi wananchi wengi. Huko boti ndogo haiendi na kurudi kwa siku moja, kwa hiyo anayezuiwa hasa ni meli kubwa ya jodari. Na meli hiyo haifukuzwi kwa doria peke yake: hubeba chombo kinachotuma mahali ilipo kwa satelaiti, na afisa aliyeketi ofisini huiona kama nukta kwenye skrini. Nukta inayokwenda moja kwa moja inapita tu; ikipunguza mwendo na kuanza kuzunguka, huenda wavu umeshashushwa.

Mhasibu wa Pwani

Mwenzangu amesahau fedha, nami naona ndizo zilizousukuma mpango. Ushelisheli ilinunua upya deni lake la dola milioni 21.6 za Marekani kwa msaada wa shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy, kwa ahadi ya kutenga bahari, na marejesho yakaelekezwa kwenye mfuko wa uhifadhi. Kiribati, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ilikwenda njia nyingine. Ilifunga uvuvi wa kibiashara katika hifadhi ya visiwa vya Phoenix, yenye kilomita za mraba zipatazo 408,000, kuanzia Januari 2015, lakini bajeti yake inategemea mno leseni za meli za kigeni, na mwaka 2021 serikali ikaamua kuifungua tena. Hifadhi isiyo na mapato mbadala hufutwa kwa kikao kimoja cha baraza la mawaziri.

Mwanafunzi wa Jiografia

Nashukuru sana. Je, kufunga eneo la mbali kunamsaidia jodari, ilhali husafiri bahari nzima?

Mpiga Mbizi

Humsaidia kwa kiasi tu, kwani akivuka mpaka anavuliwa nje. Faida iliyo wazi zaidi ni ya viumbe wasiohama: matumbawe, changu, chewa, na fukwe wanakotagia kasa. Watu wa Palau, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, walilijua hilo kabla ya kuwa na ramani za kompyuta, kwa kuwa machifu wao walikuwa wakitangaza *bul*, yaani kufunga mwamba fulani kwa muda samaki wazaliane. Hifadhi yao ya taifa, iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2020 na kufunga asilimia 80 ya bahari yao, inajengwa juu ya desturi hiyo, ingawa kufunga mwamba unaouona kutoka ufukweni na kufunga bahari kuu ni kazi mbili tofauti. Katika tasnifu yako ningependa kila eneo litajwe pamoja na kiumbe kinacholindwa humo na chombo cha uvuvi kilichozuiwa.