Ninajitolea Ujerumani: je, nilikosea kumwombea mzee ambaye hakuniomba?

Binti wa Rungwe aliandika:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Nina miaka 22, ni Mmoravian wa kuzaliwa na kubatizwa wilayani Rungwe, Tanzania, na huu ni mwezi wa tano tangu kanisa liliponituma kujitolea kwa mwaka mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee huku mashariki mwa jimbo la Sachsen, si mbali na Herrnhut. Katika darasa la kipaimara tulifundishwa kwamba kanisa letu la Moravian, lililoanzishwa upya katika mji huo, ndilo lililowatuma wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo nilipopata barua ya kukubaliwa niliona kama ninakwenda kuwatembelea babu zangu wa imani.

Nilichokikuta ni kingine. Katika kanisa la mtaa ninaoishi tunakuwa watu kumi na tano, karibu wote wazee, ibada inakwisha kabla ya saa moja kutimia, na watu wanapeana mikono na kuondoka; hakuna mnada wa ndizi na mayai nje ya kanisa, wala mtu wa kukuuliza umeamkaje. Kazini, katika zamu yangu, hakuna hata mmoja anayesali. Nilizoea kuomba kwa sauti saa kumi na moja alfajiri, na jirani amelalamika.

Lakini lililonivunja ni hili. Wiki mbili zilizopita, katika zamu ya jioni, mzee mmoja alikuwa anahema kwa shida. Nilimshika mkono, nikamwombea kwa Kiswahili, kisha nikasema Baba Yetu kwa Kijerumani. Binti yake akaingia, akakasirika sana, na kesho yake msimamizi akaniambia nisiombe tena na mzee ambaye hakuniomba. Tangu siku hiyo hata nikiwa peke yangu maneno ya sala hayaji. Je, nilikosea? Na nikinyamaza, sijamkana Bwana mbele ya watu?

Muuguzi Mstaafu aliandika:

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa machozi hayo. Nimeuguza kwa zaidi ya miaka thelathini, na kabla ya hapo nilijitolea mwaka mmoja nchi za huko, kwa hiyo nitakuambia bila kuzunguka: hukukosea kumwombea, ulikosea kutomwuliza. Mgonjwa aliye kitandani hawezi kuinuka akaondoka kama mtu anayesikiliza mahubiri sokoni. Mlango uko mikononi mwako wewe, si mwake. Fikiria baba yako amelala hajiwezi, kisha mtu wa dini nyingine, mwenye upendo wa kweli, aingie amfanyie ibada yake bila kumwuliza yeye wala ninyi. Ungemwelewa baadaye, lakini siku ile ungeumia.

Mzee akiwa na nguvu asubuhi, mwulize kwa maneno mepesi kama angependa umsomee zaburi au umwombee. Akikataa, umepata jibu, na kumwosha, kumlisha na kumgeuza asipate vidonda bado ni utumishi uliotumwa kuufanya. Mwulize pia msimamizi kama kuna mchungaji anayewatembelea wazee hapo, kwa sababu wapo wanaohitaji kuombewa na hawajui waseme kwa nani. Kuomba kimoyomoyo ukiwa umeshika kijiko cha uji hakuna anayeweza kukukataza.

Kuhusu alfajiri, majengo mengi ya Ujerumani yana saa za utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na watu huzishika kweli. Mimi nilikuwa natembea hadi msituni na kuimba huko mpaka sauti ikauke. Vaa viatu vya baridi.

Mkazi wa Leipzig aliandika:

Dada yangu, nimeishi Sachsen miaka mingi, na ningependa nikuongezee jambo ambalo huenda wenyeji wako hawatakueleza wenyewe.

Binti wa mzee huyo huenda ana miaka sitini hivi. Hiyo ina maana alisoma shule katika dola ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, iliyodumu kuanzia mwaka 1949 hadi 1990. Katikati ya miaka ya 1950 serikali hiyo ilianzisha sherehe ya vijana iitwayo Jugendweihe, ambayo kijana wa miaka kumi na nne aliahidi ndani yake kuitumikia nchi ya kijamaa, na sherehe hiyo ikachukua nafasi ya kipaimara. Aliyeikataa kwa ajili ya kanisa aliweza kunyimwa nafasi ya masomo ya juu hata kama alikuwa wa kwanza darasani. Hapa Leipzig, tarehe 30 Mei 1968, serikali ililipua kwa baruti kanisa la chuo kikuu lililokuwa zima kabisa, na watu wakitazama. Baada ya miaka arobaini ya namna hiyo, familia nyingi ziliacha kusema habari za Mungu, kwanza kwa hofu, kisha kwa mazoea, na wajukuu hawakupata cha kuacha kwa sababu hawakuwahi kupewa. Leo katika jimbo hili zaidi ya watu watatu kati ya kila wanne si washirika wa kanisa lolote.

Hata hivyo usidhani kwamba moto ulizimika. Katika kanisa la Mtakatifu Nikolai hapa mjini, watu walikutana kuombea amani kila Jumatatu kuanzia mwaka 1982, mwanzoni wakiwa wachache kama ninyi kumi na watano, na tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana barabarani wakiwa na mishumaa, na askari hawakufyatua risasi. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa akinisalimu ngazini kwa miaka sita ndipo akanieleza kwamba yeye ni mmoja wa walionyimwa shule kwa sababu ya kipaimara. Huku imani ni jambo la ndani ya chumba, na mtu hukufungulia chumba hicho taratibu sana. Jifunze Kijerumani kwa bidii kuliko unavyojifunza sasa, kwa maana hawatakufungulia kwa Kiingereza.

Mwinjilisti aliandika:

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini nina wasiwasi. Mitume walipokatazwa kusema kwa jina la Yesu hawakuomba ruhusa ya mtu. Tukimfundisha binti huyu kunyamaza, tutakuwa tumemtuma kwenda kuosha vyombo tu.

Muuguzi Mstaafu aliandika:

Mwinjilisti, ninaelewa uchungu wako. Lakini mitume walisema mbele ya watu wazima wenye uwezo wa kujibu na hata kuwapiga. Mzee anayehema kwa shida hana uwezo huo, na binti huyu aliingia chumbani mwake kwa dhamana ya kazi. Tusizichanganye hali hizi mbili.

Binti, kuhusu maneno yasiyokuja: soma Losung ya siku, yaani mstari wa Biblia uliowekwa kwa siku hiyo. Mistari hiyo huchotwa kwa bahati nasibu palepale Herrnhut na imechapishwa kila mwaka tangu 1731. Msome mstari huohuo na mama yako kwa simu, kila mmoja kwa lugha aliyonayo. Maneno yako yakikwama, tumia uliyopewa.

Binti wa Rungwe aliandika:

Ndaga fijo, asanteni sana, kwenu nyote. Nimekaa siku tisa kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka kufanya kwanza.

Nilimwomba radhi binti wa mzee. Alinishukuru kwa maneno machache, wala hakunikumbatia, lakini aliketi dakika chache nami akaniuliza mama yangu anaishije bila mimi. Mzee mwenyewe amepata nafuu. Nilimwuliza, akasema hataki sala. Iliniuma, nikakubali. Anachotaka ni nimweleze jinsi chai inavyochumwa Rungwe na kwa nini kwetu mvua hainyeshi kwa ratiba, na sasa ananingoja kila zamu ya jioni. Mama ananisomea mstari saa moja usiku. Siku ya tatu nilianza kuomba tena, sentensi moja.

Nina swali dogo lililobaki. Ninataka kuhudhuria ibada ya alfajiri ya Pasaka kule makaburini Herrnhut, lakini sioni basi la saa hizo. Kuna aliyewahi kwenda?

Mkazi wa Leipzig aliandika:

Nimekwenda mara mbili. Omba ulale Herrnhut usiku wa Jumamosi. Waandikie ofisi ya usharika mapema na uwaambie unatoka Rungwe. Mtaanza ndani ya kanisa kukiwa bado giza, kisha mtapanda pamoja hadi makaburini kulikojaa mawe yaliyolazwa chini, bapa, ya tajiri na ya maskini sawasawa, na matarumbeta yatapigwa jua likichomoza. Huko juu kuna upepo, kwa hiyo chukua glavu.