Naomba ushauri: maji ya uzazi yamepungua, tumeambiwa figo za mtoto hazipati damu ya kutosha

Habari wakuu. Mke wangu ana mimba ya wiki 33 na presha inampanda. Jana kapigwa ultrasaundi: maji sentimita 4 tu (chini ya 5 ni kidogo) na mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Chupa haijapasuka, kanga zake kavu kabisa.

Daktari anasema kondo la nyuma halipitishi oksijeni vizuri, hivyo mwili wa mtoto unapeleka damu kwanza kwenye ubongo na moyo, figo zinapunjwa. Mkojo unapungua, na kwa umri huu sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Mama mkwe kashikilia madafu tu. Sina ugomvi na madafu, ila hayatibu kondo.

Leo jioni analazwa, achomwe sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na apimwe Dopla ya kitovu (ultrasaundi ya kuangalia damu inavyopita kwenye kitovu cha mtoto). Mtoto anacheza, ila si kama wiki iliyopita.

Mliopitia hili, mlisubiri hadi wiki ya ngapi? Na baada ya kuzaliwa, figo za mtoto zilifuatiliwaje?