Kichanga wa wiki 9 apigwe MRI ya ini bila dawa ya usingizi: inawezekana kweli?

MamaWawili
Wadau, nina kichanga wa wiki 9. Ultrasaundi imeonyesha kijivimbe kwenye ini. Daktari anadhani ni fundo la mishipa ya damu tu, lakini anataka MRI, ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ajiridhishe. Jana nimepigiwa simu kutoka chumba cha picha: nimlete akiwa na njaa, nije na shuka jepesi, na hatapewa dawa yoyote ya usingizi. Atanyonya, atafungwa, atalala, watampiga picha. Dakika 20 na kidogo.

Nimebaki mdomo wazi. Kaka yake alipigwa MRI ya tumbo akiwa na miaka 2, ni miaka 7 sasa. Alishinda njaa tangu alfajiri, akapewa nusukaputi, akawekewa mpira wa kupumulia, akakaa humo ndani karibu saa nzima. Alipozinduka alitapika mpaka jioni. Niliambiwa hakuna njia nyingine. Leo huyu aliye mdogo zaidi inatosha kunyonya tu? Mambo yamebadilika, au wanabana matumizi? Na picha ikitoka na ukungu, si tutarudia kwa nusukaputi vilevile?

FundiPicha
Mama, mimi ni wale wanaokaa upande wa pili wa kioo, mwaka wa 14 sasa. Hawabani matumizi. Mtoto wa wiki 9 akishiba analala kama gogo, na huo usingizi ndio tunaouvizia. Akishapita miezi 3 au 4 anaanza kuwa mjanja, hapo ndipo wa umri wa kaka yake walipotutesa.

Ujue MRI haifyatui picha kama kamera. Inakusanya mawimbi ya redio kutoka mwilini mstari baada ya mstari, na picha hutengenezwa mwishoni kwa hesabu. Sasa kichanga anapumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, na kila pumzi ini linashuka na kupanda. Mtu mzima unamwambia vuta pumzi, zuia. Huyu utamwambia nini? Halafu ini lenyewe ni dogo, na kidogo maana yake mawimbi hafifu. Zamani dawa yetu ilikuwa kurudia rudia ili kupata wastani. Ndiyo ile saa nzima ya kaka yake.

Koili, yaani zile antena zinazowekwa juu ya mgonjwa, sasa ni nyepesi kama blanketi na zina vipande vingi. Kila kipande kinasikia upande wake, kwa hiyo mashine inaruka baadhi ya mistari na kujaza mapengo kwa kulinganisha vipande vilisikia nini. Hilo ni la zamani kidogo. Ninalolipenda mimi ni la mwaka 2007: Michael Lustig, David Donoho na John Pauly, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba ukiruka data kwa kubahatisha badala ya kwa mpangilio, hesabu inaweza kuirudisha picha kutoka kwenye sehemu tu ya data. Mara ya kwanza kusikia nilidhani ni mazingaombwe. Haikuchukua muda, madaktari wa radiolojia ya watoto palepale Stanford wakaanza kuitumia, maana wagonjwa wao ndio waliokuwa wakiumia na dakika nyingi.

Pia siku hizi tunaweza kukusanya kama spoki za gurudumu la baiskeli badala ya mistari ya daftari. Kila spoki inapita katikati, na katikati ndiko kunakobeba sura kubwa ya picha, kwa hiyo mtoto akitikisika kidogo kosa linasambaa na kufifia. Kwa mistari, pumzi hiyohiyo ingekupa vivuli vya ini vilivyopangana kama mawimbi.

Kuna na akili mnemba ya kusafisha chengachenga. Inasaidia, ila siipi moyo wote. Picha iliyolainishwa kupita kiasi inaweza kumeza kidoa kidogo. Daktari ninayefanya naye kazi hudai aone na ile isiyosafishwa.

Siku yenyewe: kama watahitaji kumwekea kanula, yaani kile kimrija cha mshipani cha kupitishia dawa, iwekwe KABLA ya kunyonya. Alie, amalize, ndipo anyonye. Njiani usimruhusu kulala, mchezeshe nyayo. Nguo isiwe na vishikizo vya chuma. Atazibwa masikio kwa nta laini na kufunikwa juu yake, maana kelele inapita desibeli 100. Kisha wanamlaza kwenye mfuko wenye punje ndogondogo, hewa inanyonywa, mfuko unakauka na kumshika kama yai kwenye trei. Kidoleni mguuni wanambana kipimo cha oksijeni. Wakikuambia usubiri dakika 15 baada ya kulala, usiwaone wavivu.

BabaMtulivu
Kwetu ilishindikana, nisikufiche. Binti yangu alikuwa na wiki 12. Dakika ya 8 mashine ilibadilisha mlio, akafumbua macho, basi. Tukamnyonyesha tena, akatuangalia tu. Wiki iliyofuata akapewa nusukaputi.

Nilikosa usingizi kwa lile onyo la FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, la mwaka 2016 kuhusu dawa za usingizi na ubongo wa watoto chini ya miaka 3. Daktari wa usingizi akaniketisha. Akasema onyo linahusu dawa ya zaidi ya saa 3, au kurudiwa rudiwa. Akanieleza utafiti uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2019: vichanga waliopewa dawa ya usingizi chini ya saa moja walilinganishwa na waliopigwa ganzi tu ya mgongoni, na walipofika miaka 5 akili zao hazikutofautiana. Binti alikaa dakika 35. Kwa hiyo hata mkiangukia huko, haitakuwa kama ya kaka yake.

MamaWawili
Asanteni, nimepumua. FundiPicha, umetaja kanula. Nimeambiwa kuna dawa ya kung'arisha picha. Hiyo nayo vipi?

FundiPicha
Hiyo ina gadoliniamu, aina ya metali. Kwa fundo la mishipa ina kazi kweli, maana daktari anaangalia dawa inavyoingia: fundo la aina hiyo kwa kawaida linaanza kung'aa pembeni kisha linajaa kuelekea katikati. Kuhusu usalama, mwaka 2014 watafiti wa Japani waliripoti dalili za masalia ya gadoliniamu ubongoni kwa watu waliochomwa sindano ya dawa hiyo mara nyingi. Madhara yake hayajathibitishwa, ila mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kadhaa za zile dawa zinazoshika gadoliniamu kwa mnyororo wazi. Zinazoifungia ndani ya pete hazikuguswa. Waulize mtapewa ipi. Ni swali la kawaida, hawatanuna.

MamaWawili
Tumerudi, wadau. Dawa yetu ni ile ya pete.

Kazi kubwa ilikuwa kanula, mkono wa kwanza ulikataa, wa pili ukakubali. Alilia mpaka mimi nikalia. Kisha akanyonya robo saa, akacheua, akafungwa. Mfuko ulipokauka alionekana kichwa tu. Niliruhusiwa kukaa ndani baada ya kukaguliwa, nikafunikwa masikio. Mlio wa kwanza ulikuwa mdogo, ukapanda taratibu. Ulipobadilika alishtuka, mabega yakataka kuruka, mfuko ukamshika. Nyonyo yake ya mpira ikaenda mbio mdomoni, ikapunguza, ikasimama. Moyo wangu nao ukasimama. Dakika 24 zote, na seti moja tu ya picha ndiyo waliyorudia.

Jibu: fundo la mishipa, moja, la sentimita 2. Limejaa kutoka pembeni kama ulivyosema. Tutalifuatilia kwa ultrasaundi.

Kaka mtu ameniuliza mdogo wake katapika mara ngapi. Nimemwambia hata mara moja. Amenuna.