Naomba ushauri: kitufe cha dharura kwenye draivu ya mota

Habari zenu mafundi. Niko Industrial Area, Nairobi, kiwanda cha mikate. Mota ya kinu cha kukanda unga inaendeshwa na draivu ya kubadilisha masafa ya umeme (VFD), kifaa kinachodhibiti kasi ya mota. Kile kitufe chekundu kimeungwa kwenye waya uleule wa amri ya kuwasha na kuzima, kwa hiyo ukikigonga unaiomba tu programu ya draivu isimame. Ikigoma, je?

Draivu ina vituo vya kuunga waya vya STO (Safe Torque Off, yaani kuondoa nguvu ya mzunguko kwa usalama), ila vimeungwa moja kwa moja kwa vipande vya waya tangu draivu ifungwe, kwa hiyo havitumiki. Najua STO huondoa nguvu ya mzunguko mara moja, lakini haifungi breki, na kapasita hubaki na chaji. Mkono wa kinu chetu ni mzito, huendelea kuzunguka.

Msimamizi anataka kontakta (swichi ya umeme mkubwa) ikate umeme unaoingia kwenye draivu, basi. Mimi sikubaliani: tutapoteza hata ule uwezo wa kupunguza kasi. Naelekea daraja la 1 la kusimamisha mashine katika IEC 60204-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa umeme wa mashine: kasi ishushwe kwanza ndipo STO ikate, kupitia rilei ya usalama ya chaneli mbili (njia mbili, moja ikifeli nyingine bado inakata).

Waliowahi kufunga hivi, muda wa kuchelewesha STO mliupangaje? Na mfuniko wa kinu, niuunge kwenye rilei hiyohiyo?