Nyie "mameneja wa mitandao" wa mjini, turudishieni kurasa zetu!

Asalaam aleikum wanajamvi. Nimeingia humu na hasira, maneno yakipinda mtanisamehe, lakini hili simezi.

Sie kwetu Wete tunapika halua. Marehemu babu alipika, baba anapika mpaka leo, na mtu akioa Chake Chake au Mkoani, watu wake wanajua wapi pa kwenda. Hatukuwa na bango wala nembo. Jina lilikuwa la mzee, basi. Aliyekuja Pemba kuhani msiba akirudi Unguja anabeba kikapu, na anayekwenda Muscat kwa jamaa zake anabeba viwili vitatu.

Mpwa wangu, mtoto wa skuli tu, ndiye aliyefungua ukurasa Instagram. Akarikodi video moja kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka: sufuria la shaba liko jikoni, moshi wa kuni umetanda, mzee anakoroga kwa ule mwiko mrefu, jasho linamtoka, halua imeshaanza kuachana na sufuria. Mara mzee anageuka anafoka, "Ondosha hicho kisimu, kitatumbukia humu!" Video imeisha hapo. Hakuna muziki, hakuna maandishi yanayorukaruka.

Wallahi ile video ilitembea. Watu wa Mombasa, Dar, Muscat, mpaka London, wanaandika pale chini: huyu si fulani wa Wete? Sauti ile ile! Mmoja kasema alikula halua ya mzee siku ya harusi yake na sasa ana wajukuu. Mwengine kaandika tu, "Kilo mbili, boti ya Ijumaa." Watu wanaagiza bila kuuliza bei.

Ndipo ndugu zangu wakaona tutafute "mtaalamu". Akapatikana kijana ana ofisi Unguja mjini, kiyoyozi kinavuma, maneno yake yote ni kukuza jina, kuimarisha jina, jina la kimataifa. Laki tatu kwa mwezi, na mwezi wa kwanza ulipwe mwanzo. Akaomba neno la siri, akapewa, kazi ataifanyaje bila kuingia? Kumbe siku ile ile alibadilisha barua pepe na namba ya simu ya akaunti, akaweka zake. "Kwa usalama," ndivyo alivyosema baadaye.

Kazi yake ya kwanza, wanajamvi, ilikuwa kuifuta ile video. Ati haina hadhi. Ati mzee anafoka, inaharibu taswira, na rangi ya moshi haiendani na rangi za ukurasa. Ikaenda na maneno yote ya watu pale chini, yule wa harusi, yule wa boti ya Ijumaa, wote. Unamlipa mtu akujengee jina, anaanza kwa kulifuta!

Kisha akapandisha picha ya vipande vya mraba, vyekundu na vya kijani, vimenyunyiziwa unga mweupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, juu ya sinia la fedha. Ile ni lokum, ya Waturuki! Kaitoa huko kwenye picha za bure za intaneti. Halua yetu haikatwi miraba wala haipakwi unga. Ni nyekundu iliyoiva mpaka inakaribia weusi, inang'aa samli, iliki unaisikia kabla hujafungua kikapu, ukiichota kwa vidole inavutika. Mteja wetu mmoja wa Muscat, na Waomani halua wanaijua maana na wao wanapika yao, akauliza kwa adabu kabisa: "Mzee kahamia Istanbul?" Kijana akamjibu kwa kikatuni cha moyo.

Maelezo ya picha yote Kiingereza cha hoteli za Nungwi, pepo na bahari ya buluu. Halua na bahari wapi na wapi? Bi harusi wa Chake na mama yake anayemtafutia halua ya wageni kunywea kahawa wasome nini pale?

Haya, mafolowa. Tukaamka asubuhi moja wameruka kutoka mia kadhaa mpaka elfu ishirini. Kijana anapiga simu anashangilia. Mpwa wangu, ambaye wakati huo simu yake ilikuwa bado haijatolewa kwenye akaunti, akafungua zile takwimu zinazoonyesha wafuasi wako wanatoka miji gani. São Paulo. Jakarta. Istanbul tena. Unguja haimo, Dar haimo, Muscat haimo. Kanunua watu hewa kwa pesa yetu. Na hasara yake si aibu tu. Mtandao unaangalia walioonyeshwa posti wanaifanya nini: wanaitazama mpaka mwisho, wanawatumia wenzao, wanaihifadhi? Akaunti bandia hazifanyi lolote katika hayo, kwa hiyo posti inaonekana haina maana, na hata wale wateja wetu wa kweli wakawa hawaletewi tena. Isitoshe, watu hewa huwa wanafagiwa. Disemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia kwa mamilioni, Justin Bieber mwenyewe akapungukiwa na zaidi ya milioni 3. Yeye aliweza kuhimili. Mpika halua wa Wete je?

Matangazo ya kulipia sitayasema sana. Unaweza kuchagua yaonekane Unguja, Dar na Muscat peke yake. Ya kwetu yalionekana kote duniani, kwa mtu ambaye hata boti ya Pemba hajawahi kuisikia.

Lililonichoma zaidi ni inboksi. Kumi la mwisho la Ramadhani watu wanaagiza halua ya Idi. Ujumbe unaingia, haujibiwi. Tukadhani mwaka huu biashara mbaya, kumbe watu walikuwa wanatusema: siku hizi wamejiona, hawajibu. Mama mmoja wa Chake kaja mpaka mlangoni kumlaumu baba kwamba kamdharau. Baba! Mtu hata simu ya kupapasa hana! Akabaki anaomba radhi kwa jambo asilolijua.

Tulipomwambia kijana basi, kazi imekwisha, turudishie ukurasa, akatutajia bei. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Tununue jina letu wenyewe, eti ndani yake mna "rasilimali" alizozijenga, wale watu wa São Paulo. Namba ya WhatsApp ya biashara nayo alishaweka ya laini yake, iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake. Mteja akibonyeza pale, anampata yeye.

Najua humu watakuja wa kusema chema chajiuza kibaya chajitembeza, mlitaka nini na mitandao. Aka! Chema kilijiuza Wete tulipokuwa wote tunaishi Wete. Siku hizi nusu ya wateja wako ng'ambo na Dar, watakionaje kama hakikufikishwa? Mitandao si mibaya. Ile video ya moshi ilitufanyia kazi ambayo laki tatu za kila mwezi hazikuifanya, na ilikuwa bure. Akaunti ya biashara ya Instagram haina malipo. WhatsApp ya biashara ipo tangu 2018, inaweka orodha ya bidhaa na bei, na jibu la kumpokea mteja usiku ukiwa umelala, yote bure. Inaunganishwa na vifaa vinne vya ziada kwa namba ile ile moja, kwa hiyo mpwa yuko skuli, shangazi yuko dukani, wote wanajibu na laini inabaki ya mzee. Na kwenye ukurasa wa Facebook unampa mtu ruhusa ya kuposti tu, bila kumwonyesha neno la siri, ukimchoka unamwondoa. Huyu bwana haya yote anayajua. Ndiyo kazi yake!

Sasa nauliza, wenye kujua nijibuni kwa kirefu. Jina tunataka kulisajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar, maana huku tuna usajili wetu na cheti cha bara hakitufai huku. Je, ukishakuwa na cheti, Instagram wanakisikiliza ukidai ukurasa wako? Kuna aliyefanikiwa? Alituma nini, alijibiwa na nani? Na kuna wengine waliofanyiwa hivi na kijana huyu huyu? Jina silitaji hapa, anayemjua ameshamjua, tuonane inboksi.

Na wewe mwenyewe, najua umo humu na unasoma. Rudisha barua pepe ya mpwa wangu kwenye ile akaunti kabla ya Jumatatu. Jumatatu naingia boti na karatasi za miamala yote tuliyokulipa, naanza kwa sheha wako, kisha polisi.